Baiskeli Niliyoinunua Tandale

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo karibu anakuangalia uso. Goti linaendeleaje? Bado linakukatalia ukiinuka kwenye kigoda chako cha kazi? Pamba je, mvua zimeitendea haki mwaka huu? Mdogo wangu Doto aliniambia zilichelewa, halafu simu ikakatika na sikupiga tena. Nisamehe kwa hilo. Mie napumua, nakula, natembea. Mkono wa kushoto ulivunjika, umefungwa hogo, ile plasta ngumu, na hii ni wiki ya tano sasa, ila wa kuandikia ni mzima, ndiyo maana unaona mwandiko ni uleule.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu huisikii vizuri siku hizi, na anayekupokelea ni Doto, naye kila jambo hulifupisha. Haya sitaki yafupishwe. Barua nampa jirani yangu, mwalimu, anayekuja huko kwa likizo. Tafadhali isome mwenyewe.

Mara ya mwisho nilikuambia kwamba nimepata kazi ya kuongoza wageni wanaosafiri kwa baiskeli kutoka hapa hadi Kilwa na Lindi. Nilisikia ukicheka kwa furaha, na Doto akaniambia umeshamtangazia kila mteja anayeleta pancha. Ilikuwa kweli baba, sikukudanganya. Kile kiwanda kidogo nilichokuwa nashonea sare za shule kilifungwa, nikawa nashona nyumbani kwa cherehani yangu, wateja wa kubahatisha. Kanisani nikafahamiana na dada mmoja anaitwa Joyce, mtu wa Iringa, anaishi Temeke na mama yake. Yeye alikuwa ameshaongoza wageni miaka kadhaa. Siku moja cheni yake ilikatika nje ya kanisa, nikaiunga kwa jiwe na msumari kama ulivyonifundisha. Akanitazama.

"Minza, haya umejifunzia wapi?"

"Kwa baba yangu. Ni fundi baiskeli."

"Bosi wangu anatafuta mwanamke wa pili. Twende kesho."

Ndivyo nilivyofika kwa Bi Salma, mwenye ile kampuni. Alinipa gurudumu lililopinda, akanipa na spana ya spoki, akakaa kwenye kiti kunitazama. Nilipomaliza akalizungusha, likaenda sawa. Akasema kazi ni yangu, ila kampuni haina baiskeli ya kunipa. Kila kiongozi anakuja na yake, tena iwe baiskeli ya safari ndefu: fremu ngumu, gia zinazoingia vizuri, keria ya kubeba mizigo mbele na nyuma, breki za kuaminika mtu akiwa na mzigo kwenye mteremko. Wageni wanafika baada ya mwezi. Niwe nayo wiki mbili kabla, tufanye safari ya majaribio.

Nilikwenda kwanza kwenye maduka ya mjini. Nilizikuta za kweli, baba, nyepesi, ungezishika ungetabasamu. Bei yake ningeshona sare miaka miwili bila kula. Za bei yangu zilikuwa zile mpya zinazong'aa, stika kila mahali, ukiinua unadhani umebeba kitanda, na gia zake ni pambo. Nikaachana na duka, nikaanza kutafuta za mtumba zinazokuja na meli. Nilizunguka Temeke yote. Nilizunguka Mbagala kila sehemu yenye mtu anauza chuma na magurudumu mawili. Nyingi zilikuwa za watoto, au za kwendea sokoni, zenye kikapu.

Mtoni nikampata Mzee Athumani. Ungempenda. Ni mtu wa hapahapa pwani, ana kibanda cha mabati kando ya Kilwa Road, na mikono yake ni kama yako, mistari yote imejaa grisi. Nilimweleza ninachotaka na nilicho nacho. Hakunicheka.

"Mwanangu, baiskeli kama hiyo kwa hela hiyo huikuti imesimama," alisema. "Tutaiunda. Fremu ninayo hapa, ya chuma, nzima kabisa. Rimu tutapata. Ninachokosa ni foku ya kuifaa, ya kushika gurudumu la mbele. Nipe wiki tatu."

"Sina wiki tatu, babu."

"Basi mbili. Lakini usinikimbilie mbele."

Fremu ile niliipiga kwa kidole, ikalia vizuri. Nikaanza kuisugua kutu mwenyewe kila jioni nikitoka kupeleka nguo za wateja. Ili nipate hela ya rimu na gia niliuza cherehani. Ndiyo, ile aliyonipa shangazi. Sikuwaambia kwa sababu nilijua mama angelia, na nilijiambia nitanunua nyingine nikirudi toka safari ya Lindi.

Wiki ya kwanza ikaisha, foku haijapatikana. Ya pili ikafika katikati. Bi Salma akapiga simu kuuliza, sauti yake ya upole, lakini akasema kuna binti mwingine wa Kinondoni ameulizia nafasi, na huyo baiskeli anayo. Siku hiyohiyo kuna mtu akaniambia Tandale, nyuma ya soko, jamaa ameshusha mzigo wa baiskeli.

Niliikuta imeegemezwa ukutani. Ya kijani. Baba, ilikuwa ni ileile niliyokuwa naiota. Keria mbele, keria nyuma, gia zinaingia kimya, rimu hazina hata wimbi. Na bei yake ilikuwa karibu sawa na hela niliyobakiwa nayo. Nilichuchumaa, nikaanza kuikagua kama unavyokagua wewe, toka nyuma kuja mbele. Nikafika kwenye foku. Nikapitisha ukucha kwenye mguu wa kushoto, vidole viwili chini ya shingo. Ukucha ukakwama.

Nikapitisha tena. Kulikuwa na kijituta chini ya rangi, kimepigwa msasa vizuri, lakini kipo. Imekatika ikachomelewa. Jicho lisingeona.

"Hapa pamechomelewa?" nilimuuliza yule jamaa.

"Hiyo rangi tu, sista. Ilijikusanya wakati wa kupuliza. Kama huitaki, kuna mtu anaifuata saa kumi."

Wewe ulinifundisha jambo hilo nikiwa na miaka kumi na moja. Uliniwekea foku iliyochomelewa mkononi, ukanifumbisha macho, ukaniambia nitafute. Kwa hiyo sikukosa kujua. Nataka uelewe hapo, baba, maana hapo ndipo kila kitu kilipo. Sikudanganywa na yule jamaa. Nilijua ni uongo wakati anausema, na nikaushukuru, kwa sababu ulinipa kitu cha kujiambia. Nikatoa hela.

Sikuipitisha kwa Mzee Athumani. Nilizungukia njia nyingine kwenda nyumbani ili asinione nayo. Nikamtumia ujumbe kwamba nimepata nyingine, fremu yake aiuze. Alijibu: "Sawa mwanangu. Ilete niitazame." Sikuipeleka.

Safari ya majaribio ilikuwa mie na Joyce tu. Tulitoka asubuhi, mifuko imejaa, kuelekea Mkuranga. Alikuwa ananifundisha maneno ya Kiingereza njiani, namna ya kumwambia mgeni kuna shimo mbele, namna ya kumwambia anywe maji. Tulicheka sana. Baiskeli ilikwenda kama maji. Tulipopita Kongowe nilishaanza kusahau, na tulipopita Vikindu nilikuwa nimesahau kabisa. Mie nilikuwa mbele.

Kwenye mteremko mmoja lori likapiga honi nyuma yetu. Nikashika breki nisogee pembeni. Nikasikia mlio mmoja mfupi, kama mtu amevunja kuni. Gurudumu la mbele likalala, nami nikatangulia chini kwa mkono wa kushoto. Joyce alikuwa nyuma yangu na mzigo wote ule, hakuwa na pa kwenda. Akanigonga, akarushwa juu yangu, akaangukia kwenye ukingo wa zege wa kalvati, kile kidaraja cha kupitishia maji ya mvua.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Aliniita tu jina langu, akauliza kama nimeumia.

Kilichovunjika ni mfupa wa paja. Wamemwekea chuma. Daktari anasema atatembea, lakini mguu huo utabaki mfupi kidogo, na habari ya kupanda baiskeli na mizigo asiiwaze. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na mama yake anamtegemea.

Mie nilifungwa hogo nikarudishwa nyumbani. Bi Salma alikuja kuniona, akaniletea machungwa na unga. Akasema, "Baiskeli za mtumba ndivyo zilivyo, mama. Ukipona uje, nitakutafutia baiskeli mwenyewe." Nikasema asante. Mzee Athumani naye akasikia, akaja kwa miguu toka Mtoni. Akaiinua ile foku, akatazama pale ilipokatikia. Kisha akaniangalia kwa muda, akaiweka chini taratibu, akaniuliza kama nimekula. Alijua kwamba mtoto wa fundi hawezi kutojua.

Halafu nikaenda hospitali kumwona Joyce. Nilijiandaa kwa chochote angesema. Aliponiona akaanza kulia, akanivuta kwa huu mkono mzima.

"Nisamehe Minza. Nilikufuata karibu mno. Miaka yote hii nawaambia wageni waachiane nafasi, halafu mimi mwenyewe... Ningekuwa mbali kidogo ningekukwepa. Pengine hata huo mkono wako usingevunjika. Nisamehe."

Baba, nilikaa pale kitandani kwake. Mama yake alikuwa amesimama upande wa pili na bakuli la uji. Nikasema, "Nimekusamehe, dada."

Nilisema hivyo. Sijui kilichonitoa maneno hayo mdomoni. Mama yake akanishukuru, akaninywesha uji kwa kijiko kwa sababu ya mkono wangu, akasema nina moyo wa Kikristo. Nilikunywa wote.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikwenda kanisani nikashindwa kuimba. Niliendelea hivyo wiki tatu. Nilijiambia kwamba ukweli hautarefusha mguu wake, na hilo ni kweli, hautarefusha. Nilijiambia nikipata ile kazi nitamsaidia yeye na mama yake kila mwezi, na hilo nalo lilikuwa zuri kulisikia. Lakini nilipata habari kwamba anakataa chakula, anamwambia mama yake ni uzembe wake, amejiharibia mwenyewe na kuniumiza na mimi. Basi Alhamisi iliyopita nikaenda kwao Temeke.

Alikuwa amekalishwa mlangoni, mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alifurahi kuniona. Sikukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu Tandale mpaka kwenye kalvati, bila kuruka kitu. Nilimwambia niliugusa ule uchomeleaji kwa mkono wangu. Nilimwambia nilimficha hata fundi. Mama yake aliacha kuchambua mchele.

Joyce aliutazama mguu wake juu ya ndoo. Nilidhani atanitukana, nikawa natamani anitukane. Mwisho akasema polepole, kama mtu anayehesabu:

"Ulikaa kitandani kwangu. Ukanishika mkono. Ukanisamehe."

Kisha akageuzia uso wake ndani ya nyumba. Mama yake akanisindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo desturi. Hakusema karibu tena.

Ijumaa nikaenda kwa Bi Salma, nikamwambia na yeye. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema ameshukuru nimesema, lakini hawezi kuweka wageni wa watu nyuma ya mtu kama mimi. Sikumbishia. Kazi ameipata yule binti wa Kinondoni.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo, baba. Cherehani sina, na hata ningekuwa nayo mkono haujapona. Nadhani daktari ataufungua wiki ijayo. Mzee Athumani ameniambia nije nimsaidie kibandani kwa mkono mmoja, kuziba pancha na kuosha beringi, na nitakwenda, ingawa kila chuma ninachokishika kinanirudisha palepale. Joyce nimemtumia ujumbe mara mbili. Ameusoma. Hajajibu, na sitamlazimisha.

Tafadhali usiuze ng'ombe unitumie nauli. Najua hilo ndilo wazo lako la kwanza. Sijaandika kuomba kurudi, na sijui ningekaaje hapo kibarazani kwako wateja wakiniuliza habari za Lindi. Uwaambie unavyoona inafaa. Ukitaka kuwaambia ukweli, waambie, sitaona aibu zaidi ya hii.

Msalimie mama sana, usimfiche kitu. Msalimie Doto, mwambie hii hairuhusiwi kufupishwa. Msalimie shangazi, na ninyi ndio mtakaomweleza habari ya cherehani, mimi nimeshindwa. Msalimie mchungaji, na mjukuu wako wa kwanza ambaye sijamwona, mtoto wa kaka.

Usinitafutie maneno ya kunituliza, baba. Ukiwa na hasira, niandikie hizo hasira kwa mkono wako mwenyewe, nitazipokea. Nisichoweza ni kuendelea kukaa hapa huku nyumbani mkinisifia.

Ni mimi mwanao,
Minza