Sauti Niliyomwitia Saburi

Satwa, Dubai

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Mjukuu wangu Nuru, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima. Bibi yako amepona goti, sasa anaswali wima.

Umeniandikia kwamba wenyeji wako huko India wanamuuza nyati wao mzee wa kulimia mpunga, na kwa kuwa hamfuati mwingine ila wewe, wamekuomba umwongoze hadi kwenye lori la mchinjaji. Wauliza ukubali au ukatae.

Nilipokuwa kijana Unguja, nililima bonde letu la mpunga kwa maksai aitwaye Saburi, aliyezoea kufungwa nira upande wa kushoto. Alipozeeka, marehemu baba aliamua achinjwe. Saburi akawatoroka wote waliokuja kumkamata.

"Mwite wewe, sheikh wa ng'ombe," baba akaniambia. "Ndiwe anayekuitikia."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikamwita kama nilivyomwita kila asubuhi ya kulima. Akaja mbio, akasimama kushoto kwangu, akainamisha shingo akingojea nira.

Nyama ilikuwa halali, na watu walikula kwa bismillahi. Mimi sikuionja. Nilimdanganya kwa sauti ile ile aliyoiamini, na uchungu wake ninao hadi leo.

Wenye nyati wana haki ya kumuuza. Lakini kamba waishike wao. Sauti yako isiwemo.

Mola akuhifadhi, awarehemu wenyeji wako, na chungu chao kisikose mchele. Amin.

Babu yako