Chujio Jeupe la kwa Mama Modesta

Jumatatu, 8 Septemba

Nimebadilisha chujio kwa Mama Modesta tena. Jeupe. Mara ya tatu hii. Kiwanda cha kokoto kiko ng'ambo ya barabara tu, mawe yanasagwa tangu asubuhi, upepo wote wa Septemba unakuja upande wake, na mimi nachomoa karatasi ambayo ningeweza kuandikia barua ya posa. Mashine ya kupima vumbi niliyoifunga uani kwake yenyewe nzima. Pampu inanguruma, betri imejaa. Sielewi, na kutoelewa kunanitia hasira kuliko njaa.

Jumatano, 10 Septemba

Mkuu wangu wa idara amefurahi. Ijumaa ya wiki ijayo kikao cha halmashauri kinaamua kama kiwanda kiongeze mashine ya pili ya kusaga mawe, na vipimo vyangu vinasema hewa safi. Amenipongeza mbele ya watu. Nimechukia hadi chai ikanishinda.

Meneja wa kiwanda ananichezea. Anamwaga maji kulaza vumbi, au anazima mashine akiniona barabarani, au ana mtu wa kunibadilishia chujio. Nitamkamata.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeshinda kilimani juu ya kijiji, pikipiki nimeificha kwenye mikaratusi. Upepo umenikata masikio. Hakumwaga maji. Hakuzima. Vumbi lilipanda, likainama, likaenda moja kwa moja kwa Mama Modesta hadi paa likapotea. Jioni mawe yalipotulia nikashuka, saa yangu ya siku zote. Chujio jeupe.

Mjukuu wake Yustina anakohoa kama mzee wa kiko. Ana miaka mitatu. Alizaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa. Bibi yake anasema ni baridi tu. Nimetukana peke yangu njia nzima hadi Sumbawanga.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeingia kwa meneja bila hodi. Nimemwita mwizi mbele ya karani na madereva wake. Nimesema anabadilisha machujio usiku. Akauliza ushahidi uko wapi. Sina. Akaagiza niletewe soda. Soda! Sikuigusa.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda saa tano asubuhi, bila taarifa, kumfumania mtu wake. Hapakuwa na mtu wa kiwanda. Ilikuwepo mashine yangu juu ya nguzo, imevishwa mfuko wa nailoni, na juu ya nailoni kitenge cha kwaya, kimefungwa kamba vizuri kabisa. Ndani pampu inanguruma. Inavuta hewa ya nailoni.

Mama Modesta akatoka jikoni anafuta mikono. Nikamwamkia, nikauliza kwa nini. Aliliona swali la kitoto. "Si ulisema niitunze, Bwana Afya? Kitu cha serikali hicho, mwanangu. Vumbi la hapa likiingia humo, tutakuja kudaiwa."

Kila asubuhi kabla mawe hayajaanza anaifunika. Jioni wakizima anaifunua na kuipangusa, ili niikute safi.

Ni kweli nilisema. Siku ya kuifunga nilimwambia aitunze kama mboni ya jicho. Alipouliza inafanya nini, nikamjibu ni mambo ya kitaalamu. Mpumbavu mimi. Nilitaka kupiga kelele, lakini huwezi kumpigia kelele mtu aliyekutolea kitenge chake cha kanisani. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikapiga teke jiwe. Mguu umevimba.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemweleza mkuu. Anasema ripoti imeshakwenda, nisiitie idara aibu. Eti kitenge ni kitambaa tu, hewa inapita. Na nailoni je? Akafungua faili jingine. Nikamwambia nitasimama kikaoni. Akanikumbusha kwamba kwetu ni Mbeya, huku nimeletwa tu, na barua ya uhamisho haina miguu lakini hufika. Nimeelewa. Hasira haijashuka hata kidogo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimesimama. Nimesema vipimo vyote ni batili na kosa ni langu. Nilipofika kwenye kitenge watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Meneja akaomba nafasi, mpole kama padri. "Jumatatu mwizi nilikuwa mimi. Leo mwizi ni kitenge. Wiki ijayo tutaambiwa ni nani?" Wakacheka tena. Na mimi ningecheka, kama si kile kikohozi cha mtoto.

Uamuzi umeahirishwa, nipime upya. Lakini kuhusu msingi wa mashine ya pili hakuna aliyesema usimame. Jioni nimepita. Wanachimba. Nimesimama pale na hasira zangu, nisijue nizipeleke wapi. Mkuu hanisalimii. Abaki nayo salamu yake.

Jumapili, 21 Septemba

Wanasaga hata leo. Nimeshinda kwa Mama Modesta tangu misa ya kwanza ilipotoka. Mashine wazi. Alikuwa akiitazama inavyochafuka, mikono haitulii. Mara mbili alinyanyuka kwenda kuipangusa, mara mbili akajirudisha kwenye kigoda. Safari hii nimemweleza inapima nini, taratibu, mpaka akaniambia basi, ameelewa.

Mchana tukala ugali wa ulezi na maharage. Mchanga ukalia kwenye meno. Wao hawakushtuka. Nikameza.

Jioni nikafungua. Chujio la rangi ya majivu. Nikalitia kwenye kikasha chake cha plastiki, nikampa alione. Akaligeuza kwenye mwanga.

"Hili la leo tu?"

"La leo tu, mama."

Yustina alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi. Bibi yake alimtazama muda mrefu. Kisha akanirudishia kikasha, akaenda kuwasha moto.