Mchuzi Alioupika Thangamani

Ilango, shika simu. Thangamani kala kanvali. Mkulima wa kanvali, anayeuza mbegu za mmea huo wa sumu kwa watengeneza dawa, kala kanvali! Alihifadhi mizizi ya kupanda jikoni, mkewe Poongodi akadhani ni viazi vitamu, akaitia kwenye mchuzi.

Jana alitapika mpaka nyongo. Leo kaamka mzima hapa hospitali, anataka kwenda kwake, Poongodi kashafunga mkoba. Daktari akamwambia, kaa kwanza.

"Ndani ya kila seli yako kuna nguzo. Zinajijenga zenyewe, zinabomoka, zinajijenga tena, wala hakuna fundi. Hii sumu imeyakamata matofali yake, na bila nguzo seli haigawanyiki."

Thangamani akacheka. "Basi niitie fundi wa mjini Dharapuram, daktari. Ila yule naye, mpaka aje!"

Daktari hakucheka, Ilango. Hakucheka kabisa.

"Leo unaishi kwa seli za zamani. Mpya hazizaliwi. Hizo zikiisha, hakuna za kushika nafasi yake."

Hazizaliwi! Alisema hivyo hivyo, mbele yake.

Poongodi akaangua kilio. "Ni mimi! Nimemuua mimi!" Thangamani akamvuta mkono. "Nyamaza, wewe. Mama yangu akija, mwambie nilipika mwenyewe."

Sasa huko kijijini watakuuliza. Alipika Thangamani. Umenisikia? Alipika Thangamani.