Kijiwe cha Pilipili

Jumatatu, 4 Machi 1974
Chooni mara sita kabla ya kengele ya shule. Damu tena. Vidonge vinne vya utumbo kama kawaida: nimevisaga kwa kijiwe cha kusagia pilipili, nikanywa na maji ya sukari. Nimetapika nyuma ya jiko. Vizima ni vikubwa, vinanikwama kooni. Sijamwambia mtu kwamba ninavisaga. Naona haya.

Jumatano, 6 Machi
Kasese, kwa daktari. Aliuliza kama nameza dawa yote. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema baada ya wiki tatu, damu isipokoma, anaandika barua ya Kampala wanikate utumbo. Mama mdogo, anayenilea tangu tutoke Butembo, ng'ambo ya mpaka, alilia kwenye basi mpaka nyumbani Bwera. Mimi mwongo.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mdogo ameuliza nani amepaka kijiwe chake rangi ya chungwa. Ni rangi ya vidonge. Halafu nikasoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Kifaransa cha shule ya kule, Kiingereza cha shule ya huku. Nilitaka lugha moja inisamehe. Zote zinasema: usivunje, usitafune. Ganda la kidonge linapita tumboni likiwa zima, linafunguka chini kwenye utumbo, penye vidonda. Mimi nalifungulia kwenye kijiwe. Wiki tano!

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwambia mama mdogo yote. Nilingoja kofi. Akacheka huku anajifuta macho.
“Ndiyo maana unatafunaka bundu sawa mbuzi. Mutoto wetu hatafunake bundu. Anamezaka.”
Kweli. Bundu, ugali wa muhogo, kwetu unamezwa. Shuleni nimejifunza kutafuna, nionekane nina adabu.

Jumapili, 10 Machi
Mama mdogo ananifundisha kumeza: tonge tupu kwanza, bundu iliyopoa, mchuzi wa sombe, majani ya muhogo. Nimekabwa. La pili limerudi. La tisa limepita. Kisha tonge lenye kidonge. Mama mdogo akanikagua kama askari wa forodha pale mpakani Mpondwe. “Fungua kinywa.” Hakuna kitu.

Jumanne, 19 Machi
Sijatapika hata siku moja. Lakini chooni bado mara tano. Labda nimechelewa. Nitameza tu.

Jumatano, 27 Machi
Chooni mara tatu, damu kidogo. Kwa daktari tena, nilisema kabla hajauliza. “Nilikuwa navisaga, Daktari.” Kalamu ikasimama. Nikaeleza mpaka mwisho. Akauliza bundu ni nini. Si mtu wa huku. Barua ya Kampala, alikuwa ameshaiandika, ameirudisha kwenye droo. Hakuichana.

Jumatatu, 8 Aprili
Mara moja. Hakuna damu. Kijiwe kimerudi kwenye pilipili, rangi haijatoka vizuri. Kengele ya shule imenikuta nimeshakaa darasani.