Hodi ya Kasuku Wako

Mpendwa dada Zuhura,

Yule kasuku bado yu hai. Najua ungemuulizia yeye kabla yetu sote.

Unakumbuka mjomba alivyomleta kutoka Bukoba mpaka huku kwetu Mafia, ndani ya kikapu, rangi ya jivu, mkia mwekundu? Ulimlisha karanga na pilipili kwa mkono wako, mimi nikiogopa kuumwa. Hukumfundisha neno. Aliokota mwenyewe sauti yako, ulipokuwa ukirudi jioni kutoka kuwasomesha watu wazima: "Mama, hodi! Nimerudi."

Ulipofariki kwa uzazi, wewe na mwanao, alinyamaza mpaka tukadhani naye anakufa. Kisha asubuhi moja, matanga yameshaanuliwa, tukasikia barazani: "Mama, hodi! Nimerudi." Mama akaacha nazi kwenye mbuzi, akakimbilia mlangoni. Tangu siku ile akawa anaitikia, "Karibu, mwanangu," na kukupakulia chakula.

Ilipokuja amri tutoke mashambani tuhamie kijiji cha ujamaa pale Baleni, baba alisema tumfungulie ndege aende zake. Mama akaketi kizingitini.

"Basi nendeni. Mimi siwezi kumwacha mwanangu porini."

Baba alijitwika tundu la kasuku kichwani, akatembea nalo mpaka kijijini, machozi yakimtoka mbele za watu. Majirani wapya wakawa wakituuliza, "Mbona mnamwacha mgeni nje?"

Mama naye ametangulia, dada, kabla ya Ramadhani iliyopita. Sasa kasuku anapiga hodi kwa sauti yako, kisha anajiitikia kwa sauti yake mama: "Karibu, mwanangu." Mnaongea hivyo mchana kutwa, nami niko jikoni, sina pa kutia neno.

Juzi mume wangu alirudi kutoka shamba la kijiji, akanikuta nachagua mchele.

"Ulikuwa unalia nini? Nimekusikia tangu njiani."

"Mimi? Sijalia."

Tukatazamana. Kule barazani kilio kikaanza tena, cha chini chini, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Kilikuwa changu. Siku zote nilidhani hakuna anayenisikia.

Mungu awalaze pema, wewe na mama na yule mdogo. Naishia hapa, nikamfunike kasuku anyamaze kabla wanangu hawajarudi kutoka chuo cha Kurani.

Ni mimi,
Mdogo wako