Maji ya Kutulia Ndege

Akinyi mjukuu wangu,

Hapa kisiwani Mfangano tuko salama, ila goti langu linalalamika mvua ikikaribia. Umeniuliza kama bado una mahali nyumbani, baada ya miaka yote hiyo Uingereza.

Nilipokuwa msichana, miaka ya sitini, ndege za Waingereza kutoka London zilipitia Khartoum na Entebbe, kisha zikakatiza juu yetu kwenda Nairobi. Baba aliwahi kuona ndege ikitua majini kule Kisumu, akaamini zote hutua hivyo. Basi kila tuliposikia mngurumo, alituamuru tutoe nyavu ziwani ili ipate pa kutua. Majirani walicheka sana. Siku moja samaki aina ya ngege walikuwa ndio wameanza kuingia wavuni, nikakasirika.

"Baba, hao hata hawajui kama tuko!"

"Lakini sisi tunajua wako. Vuta."

Tukavuta. Ndege ikapita kama kawaida.

Sasa mjomba wako anataka kuweka magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, katika chumba chako. Nimekataa, na wote hapa wananicheka. Waache wacheke. Wewe njoo utue.

Nyanya yako