Laptopu Niliyoitaka Mimi Imegeuka Zawadi ya Mtoto wa Wifi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimejifunga kamba kwa mkono wangu mwenyewe na kila nikijaribu kuifungua ndiyo inazidi kukaza.

Mimi ni mama mtu mzima, nakaa dirisha la malalamiko kwenye ofisi ya maji, kazi yangu kutwa nzima ni kutukanwa kupitia tundu la kioo, huyu bili yake imepanda, yule bomba limepasuka mlangoni kwake na kila nikimwambia mafundi wako njiani ananiuliza ni njia gani hiyo isiyofika, na si mimi niliyelipasua hilo bomba, wala sijawahi kushika spana, ila sura wanayoiona ni yangu, basi nikitoka hapo nimechoka mpaka mtu akinisalimia barabarani nataka kumwambia andika jina na namba ya mita usubiri.

Mwaka jana mhasibu wetu alinionyesha gemu kwenye laptopu yake saa ya chakula cha mchana, gemu ya kuendesha lori, tafadhali usicheke, unapakia mzigo, unawasha indiketa, unaingia barabara kuu, mvua inapiga kioo, waipa zinakwenda, na hakuna kiumbe hata kimoja kinachokuuliza kitu, nikaipenda mpaka nikawa nakula harakaharaka ili nikashike usukani, halafu mhasibu akahamishwa kituo akaondoka na laptopu yake, nikabaki kama niliyefiwa. Nikaanza kuweka akiba kidogokidogo ninunue yangu.

Sasa tatizo ni mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori, lori la kweli. Anarudi nyumbani mgongo umekufa ganzi, macho mekundu, anavua viatu mlangoni huku akisema kama kuna adhabu nyingine duniani basi yeye ameshaitumikia, mimi nitaanzia wapi kumwambia mtu huyo nataka kutoa pesa niendeshe lori kwa starehe? Nikamwambia tu nataka laptopu, akasema sawa, twende.

Tumefika dukani, muuzaji anauliza, mama, ni ya kuandikia tu au na gemu pia, nikasema na gemu, mume wangu akaangua kicheko, "Gemu! Wewe na gemu wapi na wapi?" na wateja wakageuka kunitazama, na hapo ulimi, ambao hauna mfupa, ukasema si mimi jamani, ni ya mtoto wa wifi, amefaulu vizuri, nataka kumpa zawadi. Nilidhani yataishia hapo. Kumbe! Mume wangu akanitazama kama siku ile ya harusi, akatoa simu akampigia dada yake palepale. Wifi akalia kwa furaha. Mama mkwe, ambaye tangu niolewe hajapata kunisifia hata chai, akaniombea dua ndefu kwenye simu na mimi nimesimama katikati ya duka naitikia amina.

Tangu siku hiyo sina laptopu, nina kamati. Mume wangu anasema inunuliwe yenye kadi ya picha ya ndani, ile iliyomo kwenye prosesa, inatosha, mtoto asome. Shemeji yangu, mdogo wake, anayetengeneza simu, anasema laptopu ya gemu bila kadi ya picha ya peke yake ni ubao wa kukatia vitunguu. Wanabishana kwenye kundi la familia asubuhi mpaka jioni, picha za laptopu zimejaa kwenye simu yangu hadi haipigi tena picha nyingine, mama mkwe katuma ujumbe wa sauti anasema yeye kadi hazijui ila mtoto apewe yenye zote mbili. Na mimi, mwenye pesa, nikitia neno naambiwa, "Wifi, wewe tulia, hatukatai wema wako ila haya mambo huyajui." Nimechoka kutabasamu kwenye simu, mshauri. Na mtoto mwenyewe juzi kanivuta pembeni ananinong'oneza, "Anti, usikasirike, ila kama ningechagua mimi ningechagua raba za kuchezea kikapu."

Jumamosi tunaenda kununua, Jumapili tunaipeleka kwa wifi, keki imeshaagizwa. Nimefikiria ninunue ile nzito yenye kadi ya peke yake halafu niseme ni nzito mno kwa mgongo wa mtoto, ibaki kwangu mpaka akue. Au ninunue ya kadi ya ndani, siku ya tatu niseme imeharibika nairudisha dukani, kumbe iko kabatini. Naomba uniambie, kadi ipi ni bora kwa gemu ya lori, na uongo upi kati ya hiyo miwili una nafuu?

Ni mimi, dereva wa kujificha.

JIBU LA MSHAURI

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma, nikaiacha mezani, nikaenda kuanika nguo ili nipoe, nikarudi nikaisoma tena. Sijapoa.

Kwanza nikupe pole, kwa sababu unastahili. Kukaa kwenye kioo na kubeba matusi ya mabomba ambayo hukuyapasua ni kazi ya kumaliza mtu, na anayedhani kukaa kwenye kiti si kuchoka aje akae yeye wiki moja. Kwamba umepata kitu kinachokupumzisha, kisicholewesha wala kumdhuru mtu, ni jambo la kushukuru. Wengine wananiandikia walivyopumzishwa na mume wa jirani.

Pole imeisha, sasa tusemezane. Unaniomba nikuchagulie uongo? Mimi? Unakuja kwangu kama mtu aliyekwenda sokoni, huu bei gani na ule bei gani? Njia ya mwongo ni fupi, na yako ni fupi kuliko zote, maana shemeji yako ni fundi. Siku ukisema laptopu imeharibika, nani ataletewa aifungue? Yeye! Ataiwasha mbele ya ukoo mzima, iwake vizuri, na ndani yake wakute lori. Hapo utasema nini, lori limejiegesha lenyewe?

Na huo wa uzito usinitajie tena. Mtoto anayecheza kikapu atashindwa kubeba laptopu?

Haya, kadi. Nimemuuliza fundi mitambo wa hapa gazetini, mama asiyependa maneno mengi, na kanijibu kwa muda mfupi kuliko kundi lenu la familia linavyosalimiana. Kadi ya picha ndiyo inayochora unachokiona kwenye kioo. Ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta. Ya peke yake ina yake, ina nguvu zaidi, lakini inakula umeme, inachemka, feni inavuma na bei inapanda. Shemeji yako angesema kweli kama ungetaka zile gemu mpya nzito za vita na milipuko. Wewe unataka barabara, mvua na waipa. Prosesa ya miaka ya karibuni yenye kadi nzuri ya ndani inakutosha, mradi ukubali kupunguza madoido ya picha, miti ya mbali isiwe na kila jani lake. Na kwa kuwa kadi hiyo ni ya kuazima, mpe pa kuazima: RAM ya GB 16, na iwe vipande viwili vya nane nane, si kimoja. Usikubali chini ya hapo hata muuzaji akikuapia.

Jihadhari na mtego wa mfuko mdogo. Utaonyeshwa laptopu ya bei nafuu yenye stika inayong'aa, wanakwambia ina kadi ya peke yake, na kumbe kadi yenyewe ni kuukuu, imezidiwa na ya ndani iliyotoka juzi. Stika haichori picha. Soma kwanza waliotengeneza gemu wanataka kompyuta ya namna gani, kisha muuzaji aiweke gemu hiyo na wewe uiendeshe pale dukani, mjini kwenye magari mengi, nusu saa nzima. Weka kiganja kwenye vitufe, usikie joto. Sikiliza feni. Picha ikianza kukwamakwama, asante, nipe nyingine. Hakikisha ina waranti ya maandishi. Na ukiona moyo wako unakwenda kwenye gemu nzito zaidi baadaye, basi ongeza akiba uje ununue yenye kadi nzuri ya peke yake, maana kwenye laptopu nyingi kadi huwezi kuibadilisha kesho kama betri ya redio. Basi. Hilo ndilo fumbo lililowafanya watu wazima wasilale.

Lakini umeona tatizo? Nusu saa ya kuendesha dukani utaiendeshaje, mume kasimama pembeni na wewe eti unanunulia mtoto? Hapo ndipo mambo yote yanapokwama. Kundi zima linabishana kuhusu kadi na hakuna aliyeuliza gemu gani, na hawakuuliza kwa sababu wewe umewapa mchezaji asiyekuwepo. Usiwalaumu sana. Mficha uchi hazai, mama, na wewe umejifunika mpaka kichwani.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kabla ya Jumamosi, nunua raba za kikapu, nzuri, za namba yake, siyo za kukulia. Hizo ndizo zawadi, na kufaulu kwa mtoto ni kwa kweli hata kama wewe ulitumia kufaulu huko kujifichia. Kisha mpigie wifi yako. Usimtume mtu, usiandike kwenye kundi. Mwambie: "Wifi, nilisema neno dukani kwa aibu, laptopu nilikuwa naitaka mimi, nisamehe, mtoto nimemnunulia alichokitaka mwenyewe." Ataudhika. Mpe nafasi audhike, usijitetee. Mama mkwe atarudi kutokusifia chai. Umeishi naye hivyo miaka yote na hujafa. Shemeji atakuita dereva kila mkikutana mpaka achoke. Kuchekwa si msiba. Msiba ni kwenda kila mara kwa wifi yako ukaikuta laptopu yako inaonyesha katuni, na wewe unatabasamu.

Amebaki mumeo, ambaye ndiye wa kwanza kuambiwa, leo, kabla hata ya wifi. Unaogopa atasema unachezea jasho lake. Huenda akacheka, tena sana, na siku hiyo mwache acheke. Lakini atakapomaliza atakuuliza kwa nini ulimficha, na hapo nakuomba usilete utani wala usiseme ni gemu tu. Mimi nisiyekujua hata sura umeniandikia kwamba umechoka, umechoka dirishani, umechoka njiani, umechoka mpaka kwenye simu. Yeye unayekula naye sahani moja anavua viatu mlangoni akidhani anayerudi amechoka kwenye nyumba hiyo ni mtu mmoja. Mwambie mko wawili.